Nani Anaumwa, Nani Mzima: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Kwenye Banda la Ndege Mchanganyiko

Mwaka wa kwanza nilipochanganya ndege, bata mzinga wangu saba waliisha ndani ya siku kumi na mbili. Walikuwa pamoja na kuku wa kienyeji, kanga na bata, njiwa wakiwa juu kwenye vichanja, banda moja la wavu na bati hapa Nzuguni, Dodoma. Nilikuwa najisikia kweli mgeni akisimama kulitazama. Mzinga wa kwanza aliposinzia mabawa yakiwa yameshuka, nikasema kideri hicho, ule ugonjwa wa virusi unaofagia kuku. Nikanunua antibayotiki, nikamimina kwenye maji ya banda zima. Wa tatu alipokufa ndipo nikamwita bwana mifugo. Hata hakumwinamia mgonjwa. Alisimama mlangoni akawaangalia kuku wakichakura, akaniuliza: "Sasa mzee, hiki kideri gani kinawaruka kuku?"

Tangu siku ile siulizi kwanza ni ugonjwa gani. Nauliza nani anaumwa na nani mzima. Wale wazima wamekula chakula kilekile, wamekunywa maji yaleyale, wamelala chini ya bati lilelile, kwa hiyo kila aina iliyosalimika inakufutia sababu kadhaa. Mwenye kuku watupu hana bahati hiyo. Chukua karatasi, andika aina zote za ndege ulionao, na mbele ya kila aina andika waliokufa, wanaoumwa, wazima, wanakula wapi na wanalala wapi. Ukishamaliza, tafuta hapa chini hali inayofanana na yako.

Bata mzinga wanaharisha njano, kuku hawana habari

Hii ndiyo iliyonimaliza mimi. Kinyesi kinakuwa cha njano kama kiberiti cha unga, ndege anajitenga, anakonda upesi. Bwana mifugo alimpasua yule wa tatu juu ya mfuko mtupu wa saruji, kwa wembe na mkasi wa jikoni ambao mke wangu hakuutaka tena. Ini lilikuwa na madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati, kama vile mtu amegandamiza vizibo vya soda kwenye udongo mbichi. Matawi mawili ya utumbo mpofu yalikuwa yamevimba na kukakamaa kama soseji. Alipoyakata, ndani kulikuwa na kitu kikavu, cheupe na njano, kinachomeguka.

Ugonjwa huu unaletwa na kidudu kiitwacho histomonasi, na chombo chake cha safari ni mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo mpofu wa kuku. Kuku anambeba bila kuumwa, au anaumwa kidogo tu. Mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi, yanakaa ardhini kwa miaka, na mzinga akidonoa hapo wiki moja au mbili baadaye unaona ile njano. Kanga naye anaweza kuupata.

Kosa langu la pili lilikuwa dawa ya minyoo. Nilikuwa nawapa paiparazini kila baada ya miezi mitatu na kujiona mfugaji wa kisasa. Paiparazini inafukuza yule mnyoo mkubwa wa duara unaemwona kwenye kinyesi, lakini huyu mdogo wa utumbo mpofu haimtoi sawasawa. Dukani ulizia dawa za jamii ya fenbendazoli, albendazoli au levamisoli, kipimo akupangie mtaalamu, na zile siku za kutokula mayai na nyama uziheshimu. Hata hivyo dawa ni nusu ya kazi. Mzinga asilelewe kwenye ardhi waliyokaa kuku. Wangu wa sasa wana banda lao lenye sakafu ya fito iliyoinuliwa, kinyesi kinadondoka chini wasikifikie, na viatu vya kule siingii navyo huku.

Kama mzinga hawaharishi ila wanalegea miguu, wanalala kifudifudi wakijaribu kusimama bila kuweza, na umewapa chakula cha kuku wa nyama, soma lebo ya mfuko. Baadhi ya vyakula hivyo vina salinomaisini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumboni). Kuku wanaila salama, kwa mzinga ni sumu. Toa chakula hicho saa hiyohiyo.

Kuku wanakufa, bata wanaoga kama kawaida

Hapa kideri ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kuku wanahema kwa shida, kinyesi cha kijani, wengine wanapinda shingo au kurudi kinyumenyume, na kila asubuhi maiti zinaongezeka. Kundi ambalo halikuchanjwa linaweza kufagiwa lote. Bata mara nyingi anabaki mzima huku amebeba virusi, na kware naye anaweza kuonekana hana shida. Kwa hiyo uzima wa bata usikupe moyo wa kumhamishia kwa jirani.

Tiba hakuna, chanjo ipo. Ile ya I-2 inayovumilia joto inatufaa sisi ambao friji ni ya kuazima: tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne, na kanga na mzinga uwachanje pia. Wanaotumia ya kwenye maji wana mitego miwili. Wa kwanza ni klorini ya maji ya bomba, inaiua chanjo kabla haijafika kooni. Tumia maji ya mvua, au yaache wazi usiku kucha na uyachanganye na maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Mtego wa pili hauandikwi kwenye kichupa: ukiweka chanjo kwenye beseni ndani ya banda lenye bata, bata wanaingia kuogelea. Nilisimama pale na saa mkononi nikitazama chanjo ya ndege hamsini ikigeuka tope, kuku wamejipanga pembeni wakisubiri zamu yao.

Tofautisha kideri na homa ya matumbo ya kuku. Hii inaenda polepole: kuku mkubwa mmoja leo, mwingine baada ya siku mbili, vilemba vimepauka, kinyesi njano kuelekea kijani, na inaendelea kwa majuma. Ukipasua, ini limevimba, na likikaa hewani kidogo linang'aa rangi kama ya shaba. Hii ni bakteria na dawa zipo, ila aliyepona anaendelea kuubeba na kuupitisha ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Kuku wa namna hiyo mayai yake usiyatotoleshe, hata kama ni mbegu uliyoifuata Singida.

Na kama kuku, bata na mzinga wanaanguka pamoja ndani ya siku moja au mbili, usipasue chochote. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa kipindupindu cha kuku ambacho bata hakimsamehi, na inaweza kuwa mafua makali ya ndege ambayo hata binadamu anaweza kuyapata. Funga banda, mpigie afisa mifugo wa kata, na maiti zisiende sokoni wala jikoni. Ndege wangapi wametoka kwenye mabanda ya namna hiyo wakauzwa mnadani "wakiwa bado wanapumua", Mungu ndiye anajua.

Bata mdogo ndiye anaanguka kwanza, na wote wanakula gunia moja

Ukiona hivi, acha kutafuta virusi, nenda stoo.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya laki moja kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Waliupa jina la ugonjwa wa X. Walipofuatilia wakaufikia unga wa karanga kutoka Brazil uliowekwa kwenye chakula, nao ulikuwa na kuvu. Sumu ya kuvu hiyo ndiyo tunayoiita sumukuvu. Kwetu habari hii si ya kigeni: mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi ya namna hiyo mtu akiyakataa kwa watoto wake, huwa anasema "basi yapelekwe kwa kuku", na wengine wanayasaga pumba na kuyauza.

Ndege hawaihimili sumu hii kwa kiasi kimoja. Kinda la bata ndilo laini kuliko wote, anafuata kifaranga cha mzinga, na kuku anavumilia zaidi. Kwa hiyo ukiona makinda ya bata yanadumaa, yanakosa hamu ya kula na kufa, mzinga wamezubaa, na kuku wanakula vizuri ila mayai yamepungua, hapo umepata jibu karibu kamili. Ukipasua, ini la bata limepauka au limekuwa njano, mara nyingine kuna damu iliyovilia chini ya ngozi.

Kipimo cha nyumbani ni kuondoa chakula chote: pumba, mashudu, mahindi ya kumwaga kwa mkono, vyote. Lete vipya kutoka chanzo kingine, ukae wiki mbili. Vifo vikikoma, gunia ndilo lililokuwa na kesi. Usijaribu kuliokoa kwa kulianika juani au kulipika. Kuvu itakufa, sumu itabaki. Mtama na uwele ulioanikwa chini kwenye vumbi unaniogopesha kuliko ulioanikwa kwenye turubai, na mashudu ya karanga mimi siyanunui kabisa, ya alizeti yananitosha. Magunia yangu yanakaa juu ya mbao, hayagusi ukuta. Bati letu linavuja kidogo tu mwezi wa Desemba, lakini tone moja kwenye gunia la pumba linatosha.

Njiwa peke yao wanaumwa

Njiwa akiumwa peke yake, mwangalie mdomoni kabla ya kitu kingine. Mfungue taratibu kwenye mwanga. Ukikuta utando wa njano umeshika kooni au pembeni mwa ulimi, huyo ana vijidudu vya trikomonasi. Njiwa wazima wengi wanavibeba, na mzazi anavipitisha kwa kinda pamoja na yale maziwa ya kooni anayomlisha. Tetere na njiwa wa mtaani wanaokuja kunywa kwenye beseni lako wanaacha vyao humohumo. Dawa yake ni ya jamii ya metronidazoli, mtaalamu akuandikie. Usiung'oe ule utando kwa kijiti, utamwaga damu. Badili maji asubuhi na mchana, na ziba wavu ili ndege wa nje wasifikie chombo.

Mdomo ukiwa safi lakini kichwa kinapinda, njiwa anadonoa punje na kuikosa, anazunguka kama mlevi, na kinyesi ni maji matupu, hicho ni kideri cha njiwa. Virusi vyake ni ndugu wa vile vya kuku, na kuku ambaye hakuchanjwa anaweza kuvipata.

Ya tatu ni ya kwetu zaidi. Njiwa walioruka nje wamekufa siku moja, wale waliobaki ndani na makinda ni wazima, kuku wazima, bata wazima. Uliza mashambani. Uwele na mtama ukiiva, kwelea kwelea wakishuka, dawa inanyunyizwa na iliyotumika kwa miaka mingi ni fenthioni. Kinachomuua kwelea kinamuua njiwa pia. Wakati wa kupanda kuna mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi nyekundu au waridi, njiwa anazifukua kwenye tuta kama vile amepewa. Utamkuta anatetemeka, mate yanamtoka, haruki. Fukia kwa kina, usile, mbwa asile. Miezi hiyo mimi wangu nawafungia, na wanalalamika kutwa nzima.

Macho yamevimba na kushikana

Kiangazi ndiyo msimu wake. Kuna mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Mafua ya kuku yanakuja kwa kasi: leo kuku watatu, keshokutwa kumi, uso umevimba upande, makamasi, na harufu mbaya unaisikia kabla hujainama. Njiwa na bata waliomo humo hayawagusi. Hiyo ni kazi ya antibayotiki na ya kupunguza vumbi, maana upepo wa Agosti hapa unaingiza nusu ya kiwanja ndani ya banda. Nyunyiza maji nje ya wavu jioni, ndani pabaki pakavu.

Upungufu wa vitamini A unakuja kimyakimya na hauchagui aina. Kuku, kanga na mzinga wote wanaanza kushikana macho, ndani ya kope kuna kitu cheupe kinachomeguka, kooni kuna vipele vyeupe kama punje za chumvi, na harufu hakuna. Chanzo ni kwamba tangu Juni hawajaona jani bichi, wanakula uwele na mtama mweupe tu, na nafaka hizo vitamini A zinayo kidogo sana. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa yamenisaidia kuliko vichupa vya rangi. Mchicha ukipatikana, wafungie juu ya vichwa vyao waurukie. Wanapata chakula na mchezo wa kuwapunguzia ugomvi.

Vilemba vyeupe, wanakonda, mchana huoni kitu

Ukiona hivi jipange kuamka usiku. Nenda saa nane na tochi ya simu, usiwashe mpaka uwe karibu na fito wanakolala. Mulika chini ya fito, kwenye nyufa za nguzo, pale mbao mbili zilipokutana. Mara ya kwanza niliona kitu kama mbegu za papai zilizolowa, bapa, zinatembea. Papasi. Nilichomoa msumari mmoja wa fito, kwenye tundu lake wakatoka kumi na mmoja, kila mmoja amejaa damu, rangi ya zambarau. Mchana wote wanalala humo, usiku wanapanda, wananyonya kwa muda mfupi na kurudi. Anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, ndiyo maana banda uliloliacha tupu miezi sita bado linao. Zaidi ya damu wanaleta homa: ndege ananyong'onyea, anaharisha kijani, anapooza miguu, na mtu anasema kideri tena. Tofauti ni kwamba hii inakubali penisilini.

Wakiwa wadogo sana, wekundu au kijivu, wanatembea mkononi mwako kama vumbi lenye miguu, hao ni utitiri. Dawa ya wote wawili inaenda kwenye mbao kuliko kwa ndege: toa fito zote, choma juujuu kwa moto, paka nyufa kwa dawa ya mifugo iliyochanganywa kwa kipimo, ziba kwa udongo au saruji, rudia baada ya siku kumi. Mabanda ya ukuta wa udongo na miti yanapendeza macho na ni ya asili yetu Wagogo, lakini nyufa zake papasi anaziita nyumbani.

Viroboto vinavyong'ang'ania usoni ni habari nyingine, unaviona mchana vimejipanga kuzunguka jicho kama pindo la kanga, kanga ya kuvaa. Vipake mafuta ya mgando vikose hewa, usipake ndani ya jicho. Mabuu yapo kwenye vumbi la sakafu, kwa hiyo lifagie na kulichoma, na mwangalie mbwa na paka pia.

Wanajeruhiana

Kanga ndiye mkorofi. Anamfukuza jogoo kwa kumng'oa manyoya ya mkia, na anafanya hivyo kwa kundi. Kama majeraha yako mkiani na mgongoni kwa kuku wote, tazama kanga wakati wa kulisha: ongeza vyombo viwe mbalimbali, na fito za kulala ziwe za kimo kimoja ili pasiwe na kiti cha mfalme. Kama majeraha yako kisogoni na mgongoni kwa mitetea tu, huyo ni dume la bata. Dume la bata akikosa majike ya kwake anawapanda mitetea, na anaweza kumuumiza mtetea vibaya. Mtoe, hakuna mazungumzo.

Kware usimchanganye na mtu yeyote chini. Miaka ya 2013 na 2014 wimbi la kware lilipovuma Kenya na kumwagika huku, watu waliwaweka chini ya vichanja vya njiwa kuokoa nafasi, kinyesi kikawa kinawashukia. Ukikuta kware amekufa asubuhi, kichwa kina damu utosini na wengine wote wazima, hakuuawa na mwenzake. Kware akishtuka anaruka wima kama risasi. Paa lake liwe chini ya sentimita 30, asipate mwendo, au liwe zaidi ya mita mbili na wavu laini. Urefu wa katikati ndio unaoua.

Mayai hayatoki

Yamulike kwa tochi gizani siku ya saba. Yai jeupe kabisa halikurutubishwa. Lenye duara la damu au kivuli kisichotembea lilianza likafa. Hizo ni kesi mbili tofauti, na mtu akiniambia "mayai yote viza" bila kumulika sina la kumjibu.

Yakiwa meupe ya kanga tu, huenda huna dume. Kanga wanafanana, sikiliza sauti: jike ana mlio wa vipande viwili unaorudiwa, dume analia kipande kimoja tu. Niliwahi kununua "jozi tatu" mnadani Msalato, nikaja kugundua nina majike sita yanayonipigia kelele. Pia jogoo mkali anaweza kumzuia dume la kanga asipande, na akipanda yeye unaweza kupata chotara asiyezaa. Nje ya masika, kanga hatagi sana, usimlaumu.

Kiota cha njiwa chenye mayai manne ni majike wawili waliooana. Njiwa hutaga mawili. Watenganishe uwape madume, na ondoa dume lisilo na mwenza, maana linazunguka viota vya wenzake na kuvunja. Kila jozi ipe viota viwili, kwa kuwa wanataga tena kabla makinda hayajatoka.

Yakiwa yalianza yakafa mapema, chanzo mara nyingi ni jinsi ulivyoyatunza. Oktoba na Novemba chumba cha Dodoma kina joto la kuamsha kiini nusunusu. Weka mayai kwenye chungu kilichokaa juu ya mchanga uliolowa, yasizidi siku saba. Yakifa mwishoni, kifaranga amegandia ganda kama karatasi kavu, hewa ya mashine ilikuwa kavu mno. Ongeza bakuli la maji siku tatu za mwisho na usifungue fungue.

Halafu kuna hesabu. Kware na njiwa ni siku 17 hadi 18, kuku 21, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, bata wa uso mwekundu wenye vipele ni siku 35. Kanga ni mama mzembe, kwa hiyo tunampa mtetea mayai yake. Ukimwekea ya kuku na ya kanga siku moja, wa kuku watatoka, mama atashuka nao, ya kanga yatapoa zikiwa zimebaki siku sita. Tanguliza ya kanga kwa wiki moja.

Vifaranga vya kanga vinakufa alfajiri

Juni na Julai. Mchana jua linakudanganya, usiku upepo wa baridi unapita chini ya mlango. Ukivikuta vimerundikana kona moja, vya chini vimebanwa, ni baridi. Vikiwa vimetawanyika mbali na taa na midomo wazi, umezidisha moto. Vikiwa vimelowa karibu na chombo cha maji, vilizama: jaza kokoto kwenye kisahani mpaka maji yabaki ya kudonoa tu. Umeme ukikatika usiku, kinengunengu kinaokoa, kile kisanduku kilichojazwa majani makavu pembeni na kufunikwa kwa gunia, vifaranga vinajipasha vyenyewe. Acha tundu la hewa. Kanga asitoke kwenye majani yenye umande mpaka awe na wiki sita hivi. Kuku mdogo analowa na kukauka, yeye analowa na kufa.

Ndege mgeni ameingia, wiki mbili baadaye wote wanakohoa

Hukumtenga. Wiki mbili ni chache kabisa, nne ni bora, banda lake na chombo chake, na yeye alishwe wa mwisho. Vile vikasuku vya kijani vyenye kola ya njano vinavyokaa kwenye mibuyu yetu, ukiletewa kwenye tundu la fito barabarani, usinunue. Ndege wa porini anahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na aliyenaswa jana kwa ulimbo mara nyingi hali chochote, anakufa siku ya nne akiwa amekuachia alichokuja nacho.